Anza na betri, tochi itafuata: kununua mwanga wa usiku bila kupoteza pesa

Mstari wa ikweta unakatiza nchi yetu, unapita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka na kuendelea hadi Kasese, na ndiyo maana usiku wa Uganda haurefuki wala haufupiki sana. Mwaka mzima jua huzama karibu na saa moja jioni na kuchomoza karibu na saa moja asubuhi. Kila siku tuna giza la saa kama kumi na mbili, na mwenye umeme nyumbani hakwepi, kwa sababu umeme hukatika. Aprili 2025 usambazaji ulitoka kwa kampuni ya Umeme ukarudi kwa shirika la serikali, UEDCL, lakini mvua kubwa na transfoma iliyoungua bado huleta giza lile lile. Kwa hiyo tochi hapa ni kitu cha kila nyumba, kama sufuria, na inastahili kununuliwa kwa akili.

Shida ni kwamba wengi wetu tunapoingia dukani tunaitazama tochi: ukubwa wake, rangi yake, maandishi makubwa kwenye boksi. Mimi nasema tuanze upande wa pili. Jiulize kwanza ni betri gani unaweza kuipata, au kuichaji, pale unapoishi, mwaka mzima, bila kuhangaika. Ukishapata jibu, ndipo utafute tochi inayotumia betri hiyo. Bei ya tochi unailipa mara moja, bei ya betri unailipa kila wiki.

Piga hesabu hii ya mfano. Tuseme tochi ni shilingi 5,000, na inakula betri tatu ndogo kwa wiki, zote tatu kwa shilingi 1,500. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo betri peke yake zitakula shilingi 78,000. Tochi ya pili ni shilingi 40,000 na inachajiwa kwa paneli ya jua uliyo nayo tayari juu ya paa. Iliyoonekana ghali dukani ndiyo nafuu, na kabla ya miezi saba kwisha tofauti ya bei imeshajilipa. Weka bei za dukani kwako mahali pa hizi, lakini hesabu yenyewe ifanye kabla hujatoa pesa.

Kilicho ndani ya betri ya kawaida

Betri inayouzwa kila kiosko, ile ya bei ya chini kabisa, ni betri ya zinki na kaboni. Asili yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Ya kwake ilikuwa na maji, na miaka kama ishirini baadaye Mjerumani Carl Gassner akaifanya kavu, ikawezekana kuibeba. Muundo wake ni wa kijanja. Ganda la zinki ndilo chombo, na hilo hilo ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Katikati kuna kijiti cha kaboni, na kati yao kuna unga mweusi wa mangani uliochanganywa na chumvi na unyevu kidogo. Kadiri unavyowasha tochi, ganda linazidi kuwa jembamba. Mwishowe linatoboka, na ule uji unaotoka ndio unaokula springi ya tochi yako.

Betri hii ina udhaifu mmoja unaoeleza mambo mengi tunayoyaona usiku: haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mfululizo. Ukiilazimisha, volti zake zinashuka. Ukiipumzisha, zinapanda tena kidogo. Ndiyo sababu tochi iliyofifia saa nne usiku inawaka vizuri kesho yake jioni, kisha inafifia haraka zaidi kuliko jana. Na ndiyo sababu watu huanika betri juani. Joto huharakisha kemia ya ndani na kupunguza ukinzani, ukapata mwanga wa dakika chache zaidi. Lakini hakuna nguvu mpya iliyoingia, na joto hilo hilo linakausha uji wa ndani na kuharakisha kuvuja. Kama uko gizani na huna lingine, anika. Usiifanye kuwa desturi.

Betri ya alkalini inatumia zinki na mangani vile vile, ila imepangwa upya. Zinki iko katikati kwa umbo la unga, ganda la nje ni chuma kisicholiwa, na maji ya ndani ni potasi kali. Aliyeifanya ifae kuuzwa ni Lewis Urry, Mkanada aliyefanya kazi kwenye maabara ya Eveready kule Ohio, Marekani, katika miaka ya 1950. Kwa kazi nzito kama tochi, alkalini moja hufanya kazi ya betri tatu au zaidi za zinki za ukubwa ule ule. Kwa hiyo kama bei yake ni mara mbili tu ya ile ya zinki, inunue bila kusita. Ikiwa ni mara tano, rudi kwenye hesabu.

Sasa utazijuaje? Usitegemee maneno makubwa ya kwenye ganda. "Heavy Duty" na hata "Super Heavy Duty" huandikwa juu ya betri za zinki. Tafuta herufi ndogo. Betri kubwa ya tochi ya zamani ikiwa ya zinki huandikwa R20. Ikiwa alkalini, LR20. Ile ya ukubwa wa kidole, R6 dhidi ya LR6. Ile nyembamba ya rimoti, R03 dhidi ya LR03. Herufi L ikitangulia R, unashika alkalini. Ukiona HR6, hiyo ni ya kuchaji, nayo nitaifikia. Alama hizi ni za kimataifa, na kwa maoni yangu hakuna jambo lingine katika makala hii litakalokuokolea pesa haraka kama hili.

Angalia na tarehe. Miaka mingi soko la Afrika Mashariki lilihudumiwa na kiwanda cha Eveready kilichoanza Nakuru mwaka 1967, lakini kilifungwa mwaka 2014. Siku hizi betri nyingi zinatoka mbali, hasa China, kama hizi za Tiger Head za Guangzhou ambazo kila mtu anazijua. Zinakaa baharini, zinakaa kwenye lori, kisha zinakaa kwenye kioo cha duka linalopigwa jua. Joto huimaliza betri hata isipotumiwa. Ya zinki hukaa miaka miwili au mitatu tu. Alkalini nzuri inaweza kukaa zaidi ya mitano. Muuzaji akikutolea betri kutoka kwenye boksi lililo kivulini nyuma ya duka, umshukuru.

Mtego wa tochi ya vijitaa tisa

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi, nalo limewachanganya watu wenye nia njema. Ile tochi ndogo ya bei rahisi yenye vijitaa vya LED tisa mbele, inayotumia betri tatu nyembamba, mara nyingi haina kitu chochote ndani cha kudhibiti umeme. Betri zimeunganishwa moja kwa moja na taa. LED nyeupe inahitaji kama volti 3 na kidogo, na betri tatu mpya zinatoa 4.5. Kinachoziokoa taa zisiungue ni ule ule unyonge wa betri za zinki: volti zinashuka mara tu kazi inapoanza.

Mtu anasikia kwamba alkalini ni bora, ananunua tatu, anaziweka humo. Tochi inawaka kwa fahari kubwa. Baada ya muda kijitaa kimoja kinafifia, kingine kinakuwa cha buluu, na kabla betri hazijaisha nusu ya taa zimekufa. Betri si mbovu, wala mtu hakukosea kutaka kitu kizuri. Tochi ile ilitengenezwa kwa betri dhaifu. Kwa tochi ya aina hiyo, baki na zinki, au weka tatu za kuchaji, kwa kuwa kila moja ina volti 1.2 na jumla yake ni 3.6, ambayo LED inaistahimili vizuri zaidi.

Tochi yenye saketi ya kudhibiti utaijua kwa namna inavyokufa. Mwanga wake hukaa ule ule kwa muda mrefu, kisha hushuka ghafla au hupepesa kukuonya. Isiyo na saketi huanza kufifia tangu dakika ya kwanza. Tochi ya betri moja ya kidole inayowasha LED nyeupe lazima iwe na saketi, maana volti 1.5 peke yake hazitoshi kuiwasha. Hiyo ni dalili nzuri kwa mnunuzi.

Za kuchaji

Betri za nikeli za ukubwa wa kidole zimedharauliwa hapa kwetu kwa sababu ya ile namba 1.2. Watu wanaona 1.5 ni kubwa kuliko 1.2, wanahitimisha kwamba ya kuchaji ni dhaifu. Lakini betri ya zinki ikishaanza kazi ndani ya tochi hushuka chini ya 1.2 upesi, wakati ya nikeli inakaa hapo hapo karibu mpaka mwisho wa chaji. Kwenye tochi yenye saketi, nikeli huishinda zinki kila usiku, na inachajika mamia ya mara. Tangu mwaka 2005, Sanyo ya Japani ilipoleta betri za Eneloop, kuna aina ya nikeli inayopoteza chaji yake polepole sana ikikaa kabatini, na makampuni mengine yamefuata. Ukubwa wa kidole huwa na uwezo wa kama miliampea-saa 2,000 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), nzuri sana hufika 2,700 hivi. Ukiona imeandikwa 3,800, irudishe kwenye kioo.

Anayefaa kununua nikeli ni mwenye kifaa zaidi ya kimoja cha betri za kidole: tochi, redio, saa. Atahitaji chaja ya maana, inayochaji kila betri peke yake na kuacha ikijaa. Bila chaja hiyo, afadhali asianze.

Kisha kuna lithiamu, na hapa ndipo soko limehamia. Sony ndiyo iliyoitoa kwanza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoizaa. Kwenye tochi utaikuta zaidi kwa jina la 18650, na namba hizo ni vipimo vyake: milimita 18 kwa upana, 65 kwa urefu. Moja tu ina volti 3.7, inatosha kuwasha LED bila mwenzake. Ikiwa ya kweli yenye miliampea-saa 2,500, kwa mwanga wa kiasi wa kutembelea njiani itakupa zaidi ya saa kumi, na hizo ni siku tano au zaidi za matumizi ya saa mbili kila usiku.

Ikiwa ya kweli, nimesema. Betri za 18650 za sokoni zenye sifa huwa kati ya miliampea-saa 2,000 na 3,600. Zile zilizoandikwa 6,800 au 9,900 ni uongo mtupu, na mara nyingi uwezo wake haufiki hata 1,000. Kipimo chepesi ni uzito: betri kamili ina gramu kama 45. Ya bandia mara nyingi ni nyepesi sana, kwa sababu ndani ya ganda kubwa wameweka betri ndogo na kujaza nafasi. Ukiishika moja mkono huu na nyingine mkono wa pili, utaisikia tofauti.

Mafundi wa simu na kompyuta, Kampala hadi Arua, hutoa betri hizi kwenye kompyuta za mpakato zilizokufa na kuziuza kwa bei ya chini. Siwakatazi watu kuzinunua. Baadhi ni nzuri kuliko mpya za bandia. Lakini fundi akupimie mbele yako: iliyochajiwa kamili isome karibu volti 4.2, na baada ya siku moja ya kukaa isiwe imeshuka kwa maana. Iliyokutwa chini ya volti 2.5 imekwisha kuharibika ndani na isichajiwe tena. Usichanganye mbili za asili tofauti kwenye tochi inayotaka betri mbili, kwa kuwa ile dhaifu italazimishwa kupita mwisho wake, na lithiamu ikilazimishwa inaweza kuwaka moto. Kwa familia, napendelea tochi ya betri moja kwa sababu hii.

Kuna pia lithiamu iliyo na umbo lile lile la betri ya kidole, inaitwa 14500. Ina volti 3.7. Mtoto akiitumbukiza kwenye redio ya betri mbili, redio imekwenda. Kama hamjui kuzitofautisha, isiingie nyumbani.

Kuhusu kuchaji: chagua tochi ambayo betri yake inatoka. Lithiamu iliyogundishwa ndani ikichoka baada ya miaka michache, tochi nzima inatupwa. Tundu la USB liwe lile lile la simu yako, ili waya mmoja utoshe. Zingatia kwamba tochi nyingi rahisi zenye tundu la Type-C hazikubali waya ulio na Type-C pande zote mbili. Zinataka waya wa kawaida wenye kichwa kipana upande wa chaja. Watu hurudisha tochi nzima dukani kumbe ni waya tu.

Aina moja ya kuchaji nisingependa mtu ainunue. Ni ile tochi kubwa ya plastiki yenye meno mawili yanayokunjuka nyuma, unaichomeka ukutani moja kwa moja. Ndani yake mara nyingi kuna kibetri cha risasi na asidi cha volti 4. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji huganda chumvi kwenye bamba zake na haifufuki, na tochi ni kifaa ambacho kwa kawaida tunakiacha tupu mpaka siku ya shida. Ubaya mkubwa zaidi ni usalama. Ili kupunguza gharama, nyingi hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani wa volti 240 na sehemu za ndani. Plastiki ikipasuka, anayeishika ikiwa imechomekwa anaweza kugusa umeme wa nyumba. Kama unayo tayari, ichaji kila mwezi hata kama hujaitumia, na usiiwashe wala kuifungua ikiwa ukutani.

Namba za kwenye boksi

Mwanga hupimwa kwa lumeni. Mshumaa ni kama 12. Koroboi ya mafuta ya taa, ile tadooba ya Waganda, haizidi hapo sana. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Kwa kwenda chooni usiku lumeni 20 zinatosha kabisa. Kwa njia ya miguu yenye mashimo, 50 hadi 100. Anayelinda zizi la ng'ombe au shamba la matoke atataka 300, zikiwa zimekusanywa ziende mbali.

Sasa chukua boksi linalodai lumeni 100,000. LED za kawaida hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 100,000 zingehitaji wati 1,000, yaani nguvu ya pasi ya umeme, kutoka kwenye betri unayoishika mkononi. Haiwezekani, na kama ingewezekana usingeweza kuishika kwa joto. Tochi hiyo pengine inatoa lumeni mia mbili au tatu, ambazo ni nyingi na zinafaa, lakini mtu aliyedanganya kwenye boksi huenda amedanganya pia kwenye betri.

Makampuni makini hufuata kipimo cha Kimarekani cha mwaka 2009 kiitwacho FL1. Ni vizuri kujua kinavyohesabu. Umbali unaoandikwa ni pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi, kwa hiyo macho yako yatatambua kitu kwa uhakika kwenye nusu ya umbali huo. Muda unaoandikwa unaishia pale mwanga unapobaki asilimia 10 ya ulivyoanza. "Saa 10" basi inaweza kuwa saa mbili za mwanga mkali na saa nane za kupapasa. Tochi yenye ngazi tatu za mwanga inakuondolea shida hiyo: tumia ya chini, na ya juu iite unapoihitaji.

Rangi ya mwanga haizungumzwi sana dukani, nami nadhani ni kosa. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano. Hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Unga ukiwa kidogo, mwanga unakuwa na ubuluu, unaonekana mkali sana machoni lakini kila kitu chini kinafanana. Mwanga ulio na njano kidogo huonyesha kahawia na kijani vizuri zaidi. Ukitembea kwenye majani usiku, kutofautisha nyoka na kijiti ni jambo la maana kuliko lumeni mia za ziada. Kwenye ukungu wa Kabale na Kisoro pia, mwanga wa njano hausumbui macho kama ule wa buluu.

Mwili wa tochi

Maji ndiyo adui. Alama IPX4 maana yake inastahimili kurushiwa maji, mvua ya kawaida. IPX7 maana yake inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Wavuvi wa mukene (dagaa), ambao kazi yao yenyewe ni kuvuta samaki kwa mwanga usiku wa giza, na kila anayevuka ziwa kwenda Ssese, wasikubali chini ya hapo. Fungua kifuniko cha nyuma utafute ringi ya mpira kwenye uzi wa parafujo. Isipokuwepo, maandishi ya boksi hayana maana. Tochi za kichwa kinachovutwa mbele na nyuma ili kubana mwanga hupendwa sana, lakini pale kichwa kinapoteleza ndipo maji na vumbi hupenya. Kwa mlinzi wa getini sawa, kwa mvuvi hapana.

Swichi ndiyo hufa kwanza. Ibonyeze mara ishirini dukani. Ukiona mwanga unacheza, iache. Itikise ikiwa inawaka. Ikizimika, springi ni dhaifu.

Kwa mkunga, fundi wa pikipiki, mama anayepika nje, tochi ya kuvaa kichwani inashinda ya mkononi. Mikono miwili huru ni sawa na msaidizi wa pili. Na kama mahitaji yako hasa ni watoto kusoma mezani, usinunue tochi kabisa: nunua taa ya jua. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na tawi lake la IFC ulioanza mwaka 2007 ulileta vipimo vya ubora kwa taa hizo, na tangu 2020 kazi hiyo inaendelea kwa jina la VeraSol. Taa zilizopita vipimo hivyo huja na dhamana, na nyingi zina lithiamu ya aina ya fosfeti, inayochajika zaidi ya mara elfu na isiyoshika moto kwa urahisi.

Mbele ya muuzaji

Kikuubo, pale Kampala, bei ni ya jumla na msongamano ni mkubwa. Muuzaji hana muda wa kukuonyesha. Ukitaka moja tu, duka la rejareja ambalo utalikuta pale pale mwezi ujao lina faida kuliko punguzo la shilingi elfu mbili. Atakuambia, "Mzee, hii ni orijino kabisa." Mjibu kwa upole: "Ndugu yangu, sina shaka nawe, lakini nifungulie niione betri." Asiyekubali kuifungua amekujibu. Iwashe kwa dakika tano nzima mkiongea mambo mengine, uone kama inafifia au kama kichwa kinachoma. Omba risiti yenye jina la duka. Bila risiti huna cha kushika ukirudi, na hata ukitaka kulalamika kwa UNBS, shirika letu la viwango, ushahidi ndio huo.

Baada ya kununua

Badilisha betri zote pamoja, za aina moja na umri mmoja. Ukiweka mpya mbili na kuukuu moja, zile mpya huisukuma ile kuukuu mpaka inageuka, na hiyo ndiyo itakayovuja kwanza. Tochi ya dharura inayokaa kabatini, toa betri zake na uziweke pembeni kwenye karatasi. Zikishavuja, unga mweupe wa alkalini husafishwa kwa kitambaa chenye siki au ndimu kidogo, kisha futa kwa kitambaa kikavu na uache wazi mpaka pakauke. Usishike macho kabla hujanawa.

Betri zilizoshindwa tochi bado zina kazi. Saa ya ukutani inakula umeme kidogo sana, na jozi iliyofifia kwenye tochi inaweza kuisukuma kwa miezi. Rimoti nayo vile vile. Zikaguliwe mara kwa mara tu zisivujie humo.

Zikishakufa kabisa, tafadhali zisiende chooni. Ni desturi ya vijiji vingi, na mashimo hayo mara nyingi hayako mbali na visima. Unga mweusi wa mangani, ambao baadhi ya shule zimeutumia kupaka ubao, usiachwe mikononi mwa watoto pia. Weka betri za zinki na alkalini kwenye kopo kavu lenye kifuniko, na ukienda mjini uliza duka la vifaa vya umeme au wakusanyaji wa taka za elektroniki. Lithiamu haitupwi kwenye moto wala kwenye rundo la taka linalochomwa. Ikiwa imevimba, usiichaji wala kuitoboa: bandika selotepu kwenye ncha zake, iweke kwenye kopo la mchanga mkavu nje ya nyumba, na umpelekee fundi anayezikusanya.

Na kama nyumbani kuna vile vitochi vidogo vya kwenye funguo, angalia kama kifuniko chake kina parafujo. Humo kuna betri za kifungo, na mtoto akimeza moja inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa mbili, hata kama haonyeshi dalili. Ukishuku tu kwamba amemeza, usimtapishe, usingoje asubuhi; mpeleke hospitali yenye eksirei usiku huo huo, na uwaambie mlangoni kwamba ni betri.